Nilisema Amina, Ofisi Ikaandika Tumekubali

Mpendwa Mama Nakhisa,

Nakusalimu haraka haraka kwa sababu shida yangu iko na tarehe, ni tarehe ishirini na tano mwezi huu, na baada ya hapo hata ukinijibu vizuri namna gani itakuwa bure. Naomba msaada wako mama, na naomba pia usitaje jina langu wala la mtu yeyote niliyemwandika humu, utupe majina mengine, maana ninachokuambia hapa sijamwambia mtu ila binti yangu tu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mitatu, nilitoka Uvira miaka kumi na miwili iliyopita, nauza sombe, ndagala, vile visamaki vikavu, na mawese pale barabarani Kalerwe hapa Kampala, sombe ni majani ya muhogo yaliyotwangwa, sisi Wakongomani hatumalizi wiki bila kuyala, watu wanatoka Nsambya na Makindye kutufuata, yaani tuko wamama ishirini na sita kwenye ule mstari wetu, na mimi ndiye waliyenichagua kuwa msemaji, juu ya nini, juu ya kanisani mimi ndiye ninayeongoza maombi ya wamama kila Jumatano, na kila mtu anasema Séraphine ana mdomo, Séraphine akisimama hata mlevi wa barabarani anakaa kimya kusikiliza. Sasa huo mdomo ndio umetuua wote.

Nikueleze ugonjwa wenyewe. Nikiongea mbele ya watu, kila baada ya maneno matano sita natia Amina, ile ya kuuliza, Amina? watu wanajibu Amina! na mimi navuta pumzi naendelea, na pale ambapo hakuna Amina kuna yaani, na pale ambapo hakuna yaani kuna eeeh, ndefu kama mtu anayefungua mlango mzito. Nyumbani namwambia binti yangu Exaucée, lete sufuria, Amina? naye anajibu, Amina mama, na hatukuwahi kucheka kwa sababu hakuna mmoja wetu aliyekuwa anaisikia.

Mwezi uliopita alikuja afisa mmoja wa mambo ya masoko, jina lake Bwana Okidi, mtu mzima, zamani alikuwa jeshini na Kiswahili chake ni kile cha kambini, lakini anakisikia. Akatuambia barabara itapanuliwa, kwa hiyo wamama wa sombe wahamie kule nyuma kwenye mfereji, na wewe Mama Nakhisa kama unaijua Kalerwe unajua kule nyuma, mvua ikinyesha maji yanafika magotini, na hata siku ya jua mteja hawezi kukuona, kule biashara inakufa kwa wiki mbili. Magari yalikuwa yanapiga kelele, wamama wa mwisho hawakusikia, basi akanipa nafasi niwaeleze halafu nimpe jibu.

Nikasimama. Nilikuwa na hasira, kweli nilikuwa na hasira, nia yangu ilikuwa kwanza niwaeleze alichosema, halafu nikatae kwa niaba yetu sote. Nikasema, wamama, Bwana Okidi anasema tutoke hapa, Amina? Wakajibu, Amina! Nikasema, anasema twende kule nyuma kwenye mfereji, Amina? Amina! Anasema mwisho wa mwezi ujao tuwe tumehama wote, Amina? Na hapo mama, wakaitika kwa nguvu mpaka watu wa boda wakageuka, Mama Bisimwa ambaye ni mkubwa wetu mpaka akainua mikono juu, Aminaaa! Nilikuwa sasa nataka kusema lakini sisi hatukubali, nikavuta eeeh yangu nitafute neno, na mvua ikaanguka. Kila mtu akakimbia kufunika ndagala zake, Bwana Okidi akafunga daftari, akanipa mkono, akaniambia, "Asante sana mama, nyinyi watu mzuri," akapanda boda akaenda zake.

Wiki mbili baadaye ikaja karatasi imeandikwa kwamba wafanyabiashara wa mstari wetu wamekubali kuhama kwa kauli moja. Wamama wakawaka. Wakasema yule mzee amekula rushwa, ni mwongo, ametuuza. Mimi nikaenda peke yangu mpaka ofisini kwake huko Nakasero kumwuliza, nikamwambia, Bwana Okidi, nani alikubali? Akanitazama kama mtu ninayemtania. Akasema, "Mama, mimi nasikia na masikio yangu. Mimi nasema hama, wewe nasema Amina, watu yote nasema Amina, mwingine napandisha mikono. Sasa mimi andike nini?"

Nilimuaga, nikashuka ngazi. Nilipofika nyumbani nikamwambia Exaucée alete sauti aliyorekodi kwa simu siku ya mkutano, maana alikuwa amesimama kando yangu, tukasikiliza, na mama nilitamani ardhi inimeze, kwa dakika tatu nilisema Amina mara kumi na tisa, na neno hatukubali halimo, sikulifikia. Kwa hiyo mzee si mwongo. Ni mimi.

Na sasa hii ndiyo sehemu inayonila. Wamama hawajui. Mimi ndiye niliyefika ofisini, mimi ndiye niliyesikia ile sauti, nikarudi nikawaambia tu kwamba mzee ni mgumu, na wao wakaongeza yao. Ofisi yake imetupa nafasi moja ya mwisho ya kusikilizwa, tarehe ishirini na tano, na wamama wamepanga tuanze kwa kumwita mwongo mbele ya wakubwa wake, na mimi nimekaa natikisa kichwa kama niko pamoja nao.

Halafu kuna kijana anaitwa Heritier, ni mkalimani wa pale kanisani, anajua Kifaransa na Kiingereza, anavaa koti hata mchana wa jua kali, yeye anasema, Mama Séraphine, kwenye ofisi si mahali pa maombi, wewe uombe, mimi niseme. Nusu ya wamama wanamtaka. Na mimi, nisikufiche, kuna saa nafurahi, nasema afadhali asimame yeye na kosa langu lifunikwe. Lakini Heritier hajawahi kuuza hata jani moja la sombe, hajui maji ya mfereji yanafika wapi, yaani atashukuru kwa lugha tatu halafu atakaa chini.

Nimejaribu kujiponya. Nilijaribu mbele ya kioo, nikiitoa Amina inaingia eeeh, nikiitoa eeeh inaingia yaani, nikitoa yote linabaki shimo, na kwenye lile shimo naogopa mama, naogopa kweli, moyo unapiga kama wamenisahau. Nilipofika Kampala sikumjua mtu, nilikuwa na Exaucée mgongoni na mfuko mmoja, Jumapili ya kwanza nikasimama kanisani kutoa ushuhuda, nikasema Mungu amenifikisha, Amina? na watu wote wakanijibu. Watu wasionijua. Nililia siku ile. Tangu hapo naitafuta ile sauti yao kila ninaposimama. Na tena najiuliza, nikiiacha Amina mbele ya wakubwa wa dunia, si ndiyo kumkana Mungu?

Nimpe Heritier nafasi yangu? Niwaambie wamama au nifunike? Na mdomo huu utatengenezwa namna gani kabla ya tarehe ishirini na tano? Sikuandikii ili uniambie nikae kimya. Mimi nataka kusema, na safari hii nataka kusema vizuri.

Ni mimi,
Séraphine wa Kalerwe

JIBU LA MAMA NAKHISA

Mama Exaucée, pole. Nakupa pole moja tu, halafu tufanye kazi.

Umeomba nifiche jina. Nimekubadilishia, nimebadilisha na ya wengine, na binti yako nimempa jina jipya pia. Lakini jameni, hata ningekuita malkia wa Uingereza, mama muuza sombe anayeongoza maombi ya Jumatano na kusema Amina mara kumi na tisa, Kalerwe nzima ni nani hatamjua? Gazeti hili linatoka Jumamosi. Mstari wenu mtakuwa mnafungia ndagala ndani yake kufikia saa nne asubuhi. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwa simu leo Jumanne, neno kwa neno kama litakavyochapishwa, kwa namba uliyoweka chini ya barua. Kesho ni Jumatano. Maombi yakiisha, kabla mtu hajachukua kiatu chake, uwaambie wamama. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, na usipoifanya hizi nyingine usijisumbue nazo.

Najua unaogopa. Lakini ebu fikiria hiyo tarehe ishirini na tano. Wamama ishirini na sita wanaingia kwa ofisi ya watu, wanamwita mzee wa watu mwongo na mla rushwa mbele ya wakubwa wake. Naye anafanya nini? Anafungua daftari, anasema, niliuliza, wakajibu Amina, mara tatu. Mkubwa wake anakugeukia wewe. "Ni kweli, mama?" Utasema nini hapo? Ukisema si kweli, unadanganya, na kuna sauti kwa simu. Ukisema ni kweli, wenzako wanaisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza mbele ya adui. Hapo mmeshindwa kabla hamjakaa, na wewe umewapoteza wamama na mstari pamoja.

Na nikugombeze kidogo kwa ajili ya huyu Okidi. Mtu amekaa na jina baya wiki nzima kwa kosa ambalo si lake, na wewe unatikisa kichwa. Mama wa maombi! Hilo ndilo la kutubu, si ile Amina. Mzee aliuliza swali, akasikiliza jibu, akaandika alichosikia. Angeweza kuuliza mara ya pili, ndiyo, ningekuwa mimi ningeuliza. Lakini mwongo si yeye, na wewe umelijua hilo tangu siku uliyoshuka zile ngazi.

Sasa, ukiwaambia wamama, usijipakaze majivu. Usilie nusu saa mpaka waanze kukubembeleza, maana hapo mkutano unakuwa wa kukubembeleza wewe. Wapigie ile sauti, dakika zake tatu. Waache wasikie. Watasikia Amina yako, na watasikia yao pia, kwa sababu mama, wewe uliuliza lakini waliojibu ni nani? Mtu anawaambia mhame mkauzie kwenye matope, na watu wazima ishirini na watano wanaitika kama wamepewa zawadi! Huyo mkubwa wenu aliyeinua mikono alikuwa anashukuru nini? Hamkuwa mnasikiliza maneno, mlikuwa mnasikiliza sauti. Mkiisikia rekodi hiyo pamoja, nadhani mtacheka kabla hamjakasirika. Wachache watakasirika. Waache wakasirike siku mbili, mna muda.

La Heritier. Hapana. Sina ubaya naye, wala koti lake halinihusu. Kama siku hiyo kutakuwa na mkubwa asiyesikia Kiswahili, Heritier akae kando yako atafsiri, hiyo ndiyo kazi anayoijua, na umshukuru. Lakini msemaji ni yule anayejua maji yanafika wapi. Umeniandikia mwenyewe kwamba yeye hajui. Basi kwa nini bado unaniuliza? Unaniuliza kwa sababu unataka mtu wa kujificha nyuma yake. Mimi sitakupa.

Kisha barua. Kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo muwe mmepeleka barua kwa ofisi hiyo ya Nakasero, fupi, nusu ukurasa. Hapo Heritier atumie Kiingereza chake. Iseme hivi: kwenye mkutano ule msemaji wetu alikuwa bado anaeleza pendekezo, wafanyabiashara waliitika kwa desturi ya ibada kuonyesha kwamba wanasikia, mvua ikakatiza kabla jibu halijatolewa, na jibu letu ni kwamba hatujakubali. Muweke sahihi wote ishirini na sita. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Hakuna neno mwongo, hakuna neno rushwa. Mchukue nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala hiyo ikae kwa mkoba wako, si kwa mkoba wa mtu mwingine.

Haya, tuje kwa mdomo.

Unasema ukiitoa Amina inaingia eeeh, ukiitoa eeeh inaingia yaani. Bila shaka. Umekuwa ukifukuza maneno, na shida yako si maneno. Shida yako ni ile nafasi ndogo baada ya sentensi kuisha, ambapo mdomo hauna kazi na watu wanakutazama. Hapo ndipo unapoogopa, ndipo unaposhika chochote kilicho karibu. Mwingine anashika "yaani", mwingine "kwa hiyo", wewe umeshika neno la ibada. Mimi nilifundisha miaka mingi kule Kyambogo, na nilikuwa naamini naongea vizuri kuliko wote, mpaka mwanafunzi wangu mmoja, Oola, mtundu sana, akaniletea karatasi ya vijistari. "Madam, katika kipindi cha leo umesema 'sawa' mara mia moja na kumi na mbili." Nilimchukia wiki moja. Halafu nikagundua kwamba kila "sawa" nilikuwa naomba ruhusa ya kuendelea. Mwalimu mzima, naomba ruhusa kwa watoto! Kwa hiyo siongei nawe kutoka juu.

Umeniandikia kurasa tatu, na nimezisoma nikitafuta. "Yaani" zimo, na sentensi zako zingine zimeniacha sina pumzi. Lakini Amina? Haimo, isipokuwa pale unapoieleza. Kwa nini? Kwa sababu kwenye karatasi ulikuwa hutaki mtu akuitikie. Uliandika kile ulichokuwa nacho, ukaendelea. Kumbe unaweza.

Na kuna mahali pengine unaweza, na unafanya kila siku bila kujua. Mteja akija, akainua fungu la sombe, akauliza bei, wewe unafanyaje? Unataja bei. Halafu unanyamaza. Unamtazama. Huongezi neno, kwa sababu unajua kabisa kwamba mwuzaji akitaja bei kisha akaanza kubwabwaja, "yaani, unajua, eeeh, lakini tunaweza kuongea," mteja ameshamshusha bei. Kimya hicho unakijua tangu Uvira. Hukiogopi hata kidogo. Unakaa ndani yake mikono kiunoni mpaka mteja afungue pochi. Sasa ndicho hicho hicho ninachotaka ukipeleke Nakasero.

Kwa hiyo zoezi lako la siku hizi kumi na sita si la kioo. Kioo tupa. Zoezi ni pale pale kwenye meza yako. Kila mteja, sema sentensi moja nzima, funga midomo igusane, vuta pumzi kwa pua, kisha ya pili. Midomo igusane, nasema, kwa sababu mdomo uliofungwa hauwezi kutoa eeeh, jaribu sasa hivi uone. Nyumbani, Exaucée asikupige wala asikukumbushe. Akae na maharagwe na bakuli, kila Amina isiyo na kazi atupe punje moja. Isikie ikilia. Siku ya kwanza zitakuwa nyingi na utataka kumrushia hilo bakuli. Usimrushie. Siku ya tano utaanza kuisikia Amina kabla haijatoka, na hapo ndipo umepona nusu.

Wamama nao wana zoezi. Jumatano ijayo, maombi yakiisha, usimame uwaeleze jambo lolote la mstari, hata la kufagia, na wao wasikuitikie. Hata ukiteleza, hata ukiuliza Amina kwa sauti tamu kiasi gani, wakutazame tu. Itauma. Utahisi wamekuacha, na machozi yanaweza kuja, na najua yanatoka wapi, nimeisoma ile habari yako ya Jumapili ya kwanza mara mbili. Lakini angalia nyuso zao, mama. Hawajaondoka. Watu wale waliokuitikia ukiwa hujulikani, leo wanakujua, wamekuchagua, hawahitaji kupiga kelele ndiyo ujue wapo. Na mwambie mkubwa wenu mikono akae nayo mapajani.

Umeuliza kama ni kumkana Mungu. Wacha nikuulize na mimi. "Lete sufuria, Amina", hapo Mungu alikuwa anafanya nini? Neno la ibada ulikuwa umelifanya kitambaa cha kuziba kila tundu la mazungumzo. Ukilirudisha kwa maombi, likae huko na uzito wake, umeliheshimu. Mchungaji wako akibisha, mwambie aniandikie, nitamjibu.

Maneno yenyewe ya siku hiyo. Usihubiri. Andika sentensi tano, zijue kama unavyojua njia ya nyumbani, na usiandike ya sita. Ya kwanza iwe ndilo lile neno ambalo mvua ilikunyang'anya. Usianze kueleza alichosema Bwana Okidi, wala usianze na historia ya mstari, wala shukrani kwa wakubwa wote mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Ulianza na maelezo safari ile, na jibu likabaki mdomoni. Jibu kwanza, sababu baadaye. Na Bwana Okidi akiwa hapo, sentensi moja iwe ya kumsafisha: kwamba aliandika alichosikia na kosa lilikuwa letu. Useme ukimtazama. Hiyo ni haki yake. Tena mtu uliyemsafisha mbele ya wakubwa wake atakusikiliza kwa masikio mengine.

Ukiteleza na Amina ikatoka, usiombe msamaha, usicheke, usijieleze. Rudia sentensi ile ile bila hiyo Amina, uendelee.

Siwezi kukuahidi kwamba mstari utabaki. Barabara zinapanuliwa, na wenye ofisi wana hesabu zao. Mnaweza kuambiwa hapana. Lakini itakuwa hapana waliyoisema wao, si ndiyo iliyosemwa kwa niaba yenu na mdomo uliokuwa unaogopa kimya. Na wamama wako watarudi Kalerwe wakijua msemaji wao alisema kile walichomtuma.

Basi tarehe ishirini na tano vaa kitenge chako kizuri, fika mapema, ukae kiti cha mbele. Wakikuita, simama. Usikohoe, usivute eeeh. Sema: "Jina langu ni fulani, nawasemea wamama ishirini na sita wa mstari wa sombe, na hatukubali kuhamia kwenye mfereji." Halafu funga mdomo. Chumba kitanyamaza, na utaona kimya hicho ni kirefu kuliko ulivyofikiri. Kiache. Usikisaidie. Wewe umeshasema bei yako, sasa ni zamu yao kutafuta maneno.